Injini Ikinyamaza, Shtuka

Kila tukigusia pikipiki kwenye kipindi, swali moja linarudi kuliko mengine yote: "Nikisimama kwenye taa nasikia tik-tik-tik kutoka juu ya injini. Ni ugonjwa?" Anayeuliza kwa kawaida ana 125 aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Asubuhi inampeleka chuo, usiku anasambazia watu vyakula, na ule mlio unamnyima raha.

Jibu fupi ni hili: tik-tik ndogo, kavu na ya kufuatana, mara nyingi ni dalili ya afya. Wa kumwonea huruma ni yule ambaye pikipiki yake ilikuwa inapiga tik-tik, halafu siku hizi imenyamaza yenyewe bila mtu kuigusa. Huyo anafurahi wakati injini yake inaungua polepole.

Tumekua tukisikia debe tupu haliachi kuvuma, kwa hiyo chenye kelele tunakiona ndicho kibovu. Kwenye valvu za injini methali ya kushika ni ile nyingine: kimya kingi kina mshindo mkuu. Leo tuichambue hiyo methali kwa spana na bisibisi, na ukimaliza kusoma uweze kupima nafasi ya valvu mwenyewe, hapo hapo nje ya nyumba yenu.

Nafasi ya nini, na iko wapi?

Tuanze na majina, ili siku ukiongea na ndugu zako walioko nyumbani mwelewane.

Injini ya pikipiki nyingi ndogo ni ya mipigo minne. Pistoni inapanda na kushuka ndani ya silinda. Juu ya silinda pamefungwa kichwa, ambacho mafundi wanakiita silinda hedi. Ndani ya kichwa kuna milango miwili: mmoja wa kuingiza hewa na petroli, mwingine wa kutoa moshi. Milango hiyo ndiyo valvu. Kamusi inaandika "vali", ila gereji utasikia valvu, na mimi nitafuata gereji.

Valvu ina umbo la uyoga: kichwa bapa, shina refu. Springi inaivuta ikae imefungwa. Kinachoifungua ni mkono mfupi wa chuma unaobembea katikati, kama ule ubao wa watoto kule uwanjani ambao mmoja akishuka mwenzake anapanda. Huo mkono unaitwa roka. Upande mmoja unasukumwa juu, upande wa pili unabonyeza shina la valvu na mlango unafunguka.

Kwenye ncha ya roka, pale inapokutana na shina la valvu, kuna skrubu ndogo na nati ya kuishikilia isitembee. Hapo ndipo kwenye tapeti. Ukisikia fundi anasema "leo tuseti tapeti", anamaanisha skrubu hizo mbili, moja ya valvu ya kuingiza na moja ya valvu ya moshi.

Sasa, valvu ikiwa imefungwa, kati ya ncha ya skrubu na kichwa cha shina lazima pabaki uwazi. Ndiyo nafasi ya valvu. Kwenye Honda CG125, ambayo nitaitumia kama mfano wa leo, kitabu kinataka milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, injini ikiwa baridi. Karatasi ya kawaida ya printa ina unene wa karibu milimita 0.1. Yaani uwazi tunaoutafuta hata karatasi ya barua ya ofisini haipiti vizuri. Na huo ndio unaoamua maisha ya injini nzima.

Kwa nini uwepo kabisa? Kwa sababu vyuma vikipata moto hubadilika urefu, na havibadiliki vyote kwa kiasi kimoja. Kichwa cha valvu ya moshi kikiwa kazini hufika joto la zaidi ya nyuzi 600. Shina likirefuka na likakosa pa kwenda, linasukumana na roka, na mlango haufungi tena sawasawa.

Ukimya unatoka wapi

Ile tik unayoisikia ni ncha ya skrubu ikivuka uwazi na kugonga shina. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 kwa sekunde. Uwazi ukiwa mkubwa, kila pigo linakuwa na nguvu na kelele inakuwa kubwa. Uwazi ukiisha, hakuna cha kuvuka, hakuna pigo, hakuna kelele.

Na uwazi unaishaje wakati hakuna aliyekaza skrubu? Kila valvu inapojifunga, inajipiga kwenye pete ya chuma iliyo kwenye kichwa cha silinda, tunaiita kiti cha valvu. Mara 50 kwa sekunde, siku baada ya siku. Ukingo wa valvu na kiti chake vinalika kidogo kidogo, na valvu inazidi kuzama ndani ya kichwa. Ikizama, shina lake linapanda juu, linaisogelea skrubu. Uwazi unapungua. Injini inazidi kutulia, na mwenyewe unajisifu kwamba pikipiki "imekaa sawa".

Wakati huo huo roka, ncha za skrubu na kamu, yaani lile yai la chuma linalosukuma mfumo mzima, navyo vinalika. Vikilika, uwazi unaongezeka. Kwa hiyo kuna mbio za pande mbili, na sikio lako haliwezi kukuambia nani kashinda kwa milimita ngapi. Ndiyo maana tunapima.

Uwazi ukizidi, hasara yake ni ya polepole: kelele, nguvu inapungua kidogo kwa sababu valvu haifunguki kiasi chake, na ncha zinachakaa haraka. Uwazi ukiisha, hasara ni nyingine kabisa. Valvu ya moshi haina feni wala maji ya kuipoza. Sehemu kubwa ya joto lake inalitoa pale inapokaa kwenye kiti, kwa ule muda mfupi ikiwa imefungwa. Ikinyimwa kukaa, hailipati hilo pumziko. Na kwenye ufa uliobaki, gesi inayowaka inapenya kwa nguvu kama mwali wa mtu anayechomelea vyuma. Ukingo wa valvu unaliwa. Mafundi wanasema "valvu imeungua", na hapo hawatii chumvi.

Mshindo wa ule ukimya ndio huu: pikipiki inaanza kuwa ngumu kuwaka, hasa ikiwa ya moto. Inazima kwenye taa. Mlimani inalegea. Kwenye ekzosi inatoa milipuko midogo ukiachia mafuta. Hapo tena skrubu haisaidii. Kichwa kinafunguliwa, valvu mpya, kiti kisagwe, gasketi mpya, na fundi alipwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa nini nimechagua CG125

Kwa sababu ni injini ambayo wewe wa Leicester na ndugu yako wa Morogoro mnaweza kuwa nayo wote wawili.

Honda waliitoa CG125 mwaka 1976. Ilikusudiwa hasa nchi ambazo pikipiki inapigishwa kazi kila siku na matunzo yanachelewa. Ndiyo maana kamu yake haikuwekwa juu kwenye kichwa bali chini, na inasukuma roka kwa vijiti viwili virefu. Haina cheni ya kamu ya kulegea, na kichwa chake ni rahisi kufungua. Uingereza iliuzwa hadi mwaka 2008, na vizazi vya wanafunzi wamejifunzia juu yake. Hadi leo ukiwa na miaka 17, cheti cha CBT na vibao vyako vya L, 125 ndiyo saizi unayoruhusiwa.

Viwanda vya China navyo viliinakili injini hii kwa wingi, ya cc 125 na ya cc 150. Pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria Afrika Mashariki zinatembea na injini ya ukoo huo. Kwa hiyo unachojifunza leo kwenye baridi ya Uingereza, kule kwetu ni mkate wa mtu.

Kama yako si CG, kazi ni ile ile mradi marekebisho yake ni ya skrubu na nati. Vipimo ndivyo vinavyobadilika, na kwenye pikipiki nyingi valvu ya moshi inapewa nafasi kubwa kuliko ya kuingiza. Namba ya kufuata ni ya kitabu cha pikipiki yako, siyo ya rafiki wala ya kwenye video.

Vifaa

Unahitaji vichache. Seti ya spana na soketi ndogo. Bisibisi bapa na ya nyota. Spana ya plagi. Koleo ndogo, au kile kifaa cha kushikia kichwa cha skrubu ya tapeti, maana kwenye injini nyingi za Honda kina umbo la mraba. Vitambaa safi. Na kifaa chenyewe cha leo: fila geji.

Fila geji ni kama kisu cha kukunja chenye majani mengi ya chuma, kila jani na unene wake umeandikwa juu. Bei yake haizidi sana sahani ya kuku na chipsi. Hakikisha seti yako ina majani membamba, kuanzia 0.05 au chini yake, na iwe na 0.08 na 0.10. Seti nyingine za Uingereza zimeandikwa kwa inchi, hapo 0.08 yetu ni inchi 0.003.

Huna gereji? Hata mimi sina. Kazi hii haina kelele, haina moshi, na inamalizika kwa saa moja ukiwa unajifunza. Sehemu tambarare na mwanga wa mchana vinatosha. Ila kama utatoa tangi la petroli, fanyia nje, na mwenye sigara akae mbali.

Hatua kwa hatua

Kwanza, injini iwe baridi kabisa. Siyo "imepoa kidogo". Ilaze usiku kucha, upime asubuhi kabla ya kuiwasha. Vipimo vya kitabu ni vya injini baridi; ukipima ya moto, namba zote ni za uongo.

Pili, simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa ya katikati, gia iwe nyutro. Funga bomba la mafuta. Kama tangi linakuzuia kufika juu ya kichwa, litoe. Halafu chukua brashi na kitambaa usafishe kote kuzunguka kifuniko cha juu na plagi, kabla ya kufungua chochote. Mchanga ukidondokea humo ndani utakugharimu kuliko hata hiyo valvu.

Tatu, toa plagi. Bila plagi hakuna mgandamizo, na injini inazunguka kwa mkono kama feni. Ziba tundu lake kwa kitambaa safi, ila ukumbuke kukitoa baadaye.

Nne, fungua kifuniko cha roka. CG ina kifuniko kimoja kinachoshikwa na boliti chache. Pikipiki nyingine zina vifuniko viwili vya duara, kimoja kwa kila valvu. Legeza boliti zote kidogo kidogo kabla ya kuitoa yoyote. Gasketi ikiwa imeganda usichokonoe na bisibisi. Gonga kifuniko ubavuni kwa mpini wa mbao kiachie. Sasa unaziona roka mbili, springi mbili, na zile skrubu zenye nati. Upande wa kabureta ni valvu ya kuingiza. Upande wa bomba la ekzosi ni ya moshi.

Tano, na hapa ndipo pa kutulia, tafuta mahali pa kupimia. Valvu zote mbili lazima ziwe zimefungwa, na pistoni iwe juu kabisa mwisho wa mpigo wa kugandamiza. Upande wa kushoto wa injini kuna kifuniko. Kwenye matoleo mengine unafungua vizibo viwili vidogo tu, kwenye mengine unatoa kifuniko kizima. Ndani utaona gurudumu la umeme lenye herufi. T ni ya juu kabisa. F ni ya moto wa plagi, achana nayo.

Zungusha kwa soketi kwenye boliti ya katikati, kinyume cha mwendo wa saa ukiwa umekaa upande huo wa kushoto. Huku unazungusha, macho yawe kwenye roka ya kuingiza. Itabonyea chini, kisha itarudi juu. Ikisharudi, endelea polepole mpaka mstari wa T ulingane na alama ya kwenye injini. Simama hapo.

Hakikisha kwa vidole. Shika kila roka uitikise. Zote mbili zinatakiwa zicheze kidogo, hata kama ni kwa kusikia tu. Pistoni inafika juu mara mbili katika kila mzunguko wa kazi: mara moja ikigandamiza, valvu zote zimefungwa, na mara moja ikimaliza kusukuma moshi, valvu zote zikiwa zimefunguka kidogo. Roka zikiwa zimekaza zote mbili, uko kwenye ile juu ya pili. Zungusha mzunguko mmoja kamili, urudi kwenye T. Ila kama moja inacheza na nyingine imekaza kabisa ukiwa mahali sahihi, basi umeshaupata ule ukimya tuliokuwa tunauzungumzia.

Sita, pima kabla ya kugusa skrubu yoyote. Jani la 0.08 likiwa safi, lenye tone la oili, lipitishe kati ya skrubu na shina. Linatakiwa lipite huku likikwaruza kidogo, kama unavyovuta karatasi iliyolaliwa na kitabu chepesi. Likiingia bila kuhisi chochote, jaribu la 0.10. Likipita nalo, nafasi imezidi. La 0.08 likigoma, jaribu la 0.05. Andika ulichokikuta kwa kila valvu. Nitakwambia kwa nini.

Kama zote ziko sawa, funga, kanywe chai. Kupima si lazima kuishie kwenye kurekebisha.

Saba, kurekebisha. Legeza nati nusu mzunguko, skrubu ukiwa umeishikilia. Ukizungusha skrubu kulia nafasi inapungua, kushoto inaongezeka. Acha jani la 0.08 likiwa katikati, zungusha skrubu mpaka usikie lile kwaruzo. Sasa ishike skrubu isitikisike hata kidogo, na ukaze nati. Hapa ndipo wengi wanapokwama: nati ikikazwa inaivuta skrubu nayo, nafasi inabadilika. Kwa hiyo toa jani, pima upya. Si sawa? Rudia. Mara ya tatu au ya nne mkono utazoea.

Kaza nati kwa kiasi. Ni nati ndogo, haihitaji kifua. Nguvu yake kamili iko kwenye kitabu, kama una spana ya kupimia.

Nane, zungusha injini mizunguko miwili kamili kwa mkono, urudi kwenye T ile ile, upime tena valvu zote mbili. Ukipata jibu lile lile mara mbili, umemaliza.

Tisa, rudisha vitu. Angalia gasketi au mpira wa kifuniko. Ukiwa umepasuka au umekuwa mgumu kama plastiki, weka mpya. Boliti zinaingia kwenye alumini, na meno ya alumini yanakufa haraka, kwa hiyo anza zote kwa vidole, halafu kaza kwa kupishana. Plagi nayo, toa kile kitambaa, ianze kwa vidole kabla ya spana.

Washa. Utasikia tik-tik ndogo kutoka juu. Usiifukuze. Ikipata moto itabadilika kidogo, sawa tu. Ila ukisikia kugonga kwa nguvu, zima mara moja. Huenda nati haikukazwa.

Pikipiki ambazo hazina skrubu

Nisikudanganye: siyo kila 125 inafanyika hivi. Nyingine zina kamu mbili juu na hazina skrubu ya tapeti. Nafasi yake inabadilishwa kwa vidonge vya chuma vyenye unene tofauti, mafundi wanaviita shimu. Kupima unaweza kwa fila geji hiyo hiyo. Lakini kubadilisha shimu kunataka kamu zitoke, na zikirudi vibaya pistoni inaweza kukutana na valvu. Kwa mara ya kwanza, pima mwenyewe, andika namba, halafu mpelekee fundi ukiwa unajua unachomwomba. Hata hapo umeshafaidika, maana ni vigumu kumtajia kazi isiyohitajika mtu mwenye vipimo mkononi.

Geji au sikio?

Nina kaka, kwa Kizungu mngesema binamu, anayeendesha bodaboda Morogoro. Nilimtumia ujumbe wa sauti: "Shikamoo kaka. Hivi tapeti zako fundi anaseti kwa geji au kwa sikio?"

Akajibu huku anacheka: "Marahaba mdogo wangu. Fundi wangu ni sikio tu. Lakini ana sikio huyo!"

Nilitaka kuanza kutoa somo, nikaona ningoje. Nikamuuliza, akimaliza kuseti inakuwa kimya? Akasema, "Aa, kimya haachi. Anaacha kamlio. Anasema ukitaka kimya kapande baiskeli."

Huyo ni fundi. Ameseti injini nyingi za aina moja, na kidole chake kinajua pa kusimama. Uwazi ameuacha kwa makusudi, geji isiwepo. Shida haiko kwake. Shida ni mteja anayerudi kesho yake na kulalamika, "Mbona inagonga? Si nimekulipa?" Fundi mwenye njaa anamsikiliza, anakaza nusu mzunguko, mlio unaisha, mteja anaondoka ameridhika. Miezi michache baadaye injini inafunguliwa, na lawama zinaangukia oili, petroli, au Wachina.

Na hapo ndipo sisi tunapoingia, tulioko huku. Wengi wetu tumewahi kupokea ule ujumbe: "Injini imekufa, abiria hakuna, naomba unisaidie." Tunatuma, au tunashindwa na tunaumia. Anayeendesha kilomita 100 kwa siku anamaliza kilomita 3,000 kwa mwezi. Vitabu vya pikipiki ndogo kwa kawaida vinataka valvu ziangaliwe kila baada ya kilomita elfu chache. Kwake huo ni mwezi mmoja au miwili. Kwako wewe unayekwenda chuo inaweza kuwa karibu mwaka mzima. Kwa hiyo kitabu kile kile kinamtaka yeye afungue kifuniko mara nyingi kuliko wewe.

Usimpigie kumfundisha kazi. Yeye ameshika usukani miaka mingi kuliko wewe. Muulize tu kama mlio wa juu upo bado au umepungua. Akisema "siku hizi imetulia sana, yaani haisikiki," hapo mwambie ampitie fundi wiki hii hii, kabla ya oili, kabla ya tairi. Na mtu akisafiri, fila geji haina uzito kwenye begi. Ni zawadi ndogo kuliko fulana ya mpira, ila itamfaa kwa muda mrefu zaidi.

Daftari

Nilisema uandike ulichokikuta kabla ya kurekebisha. Sababu ni hii. Kipimo kimoja kinakuambia hali ya leo. Vipimo vitatu vinakuambia injini inaelekea wapi.

Chukua daftari dogo, likae chini ya kiti. Andika tarehe, kilomita au maili, valvu ya kuingiza ulikuta ngapi, ya moshi ulikuta ngapi, umeacha ngapi. Ukikuta kila mara zinapanuka kidogo, ni uchakavu wa kawaida wa ncha na roka. Ukikuta ya moshi inabana kila mara, na kila mara haraka zaidi ya iliyopita, kiti chake kinakwisha. Injini bado inawaka vizuri, bado inapanda mlima, mtu mwingine hajui kitu. Wewe unajua mapema, na una muda wa kuweka akiba kabla haijakuachia njiani.

Pikipiki mpya nayo isikudanganye kwa upya wake. Kwa pikipiki nyingi huduma ya kwanza ni karibu na kilomita 1,000, na valvu mara nyingi zimo kwenye orodha, kwa sababu vyuma vipya hukaliana haraka mwanzoni. Ukinunua iliyotumika na muuzaji anajisifu kwamba "haina mlio hata kidogo", tabasamu, mshukuru, na upime kabla hujaipeleka barabara kuu.

Ukijaribu wikendi hii, tutumie ujumbe wa sauti utuambie ulikuta ngapi na ngapi. Kwa Kiswahili, tafadhali, hata kama "nati" na "boliti" zinakuchanganya. Tutazisoma namba zenu kwenye kipindi kijacho, na mwenye valvu ya moshi iliyobana kuliko wote tutampa pole hewani.